Maharage ya Kumkaribisha Mgeni

Ukimtembelea mtu bila taarifa ukamkuta anakula ugali na mchicha, jambo la kwanza atakalofanya baada ya kukukaribisha ni kuomba radhi. Atakwambia leo hawakupata mboga ya maana, na kwamba ungewaambia tangu jana wangekuchinjia kuku. Maneno haya utayasikia Tanga, Tabora, hata Kisumu na Bukavu, na husemwa kwa upendo mtupu. Ila yamekaa vinywani mwetu miaka mingi hadi tumeyaamini. Na tukishaamini kwamba chakula cha mimea ni cha siku ya shida, tunakipika kishida: maharage ya chukuchuku, mchicha uliochemshwa mpaka ukageuka rangi, chumvi, basi. Tukikionja tunasema, si unaona, hakina ladha.

Makala hii ni ya yule anayetaka kupika chakula kisicho na nyama nyumbani kwake, kikampa afya na raha kwa pamoja. Sababu iliyomfikisha hapo ni yake mwenyewe. Huenda daktari amemwambia apunguze nyama nyekundu. Huenda ni Kwaresma, au ni Msabato aliyelelewa hivyo tangu utoto, au bei ya kilo moja buchani imempita kimo, au anawahurumia wanyama. Wote nina neno moja kwao: kinachokosekana kwenye sufuria hiyo mara nyingi ni kazi. Tazama tunavyompika kuku wa mgeni. Tunamsugua kwa ndimu, tunamkoleza tangawizi na kitunguu swaumu, tunakaanga vitunguu hadi jirani anauliza kuna nini leo, tunasimama jikoni saa nzima bila kulalamika. Yape maharage kazi hiyohiyo, kisha mwite mgeni.

Nianze na maharage yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayopikwa nyumba nyingi na ndiyo yanayoharibiwa zaidi. Kazi inaanzia sokoni. Chota machache kiganjani uyatazame. Ya msimu huu yanang'aa na ganda lake limejaa. Yaliyokaa ghalani muda mrefu yamefifia, yamekunjamana, na hayo utayachemsha tangu adhuhuri hadi magharibi yakiwa bado yanagonga meno. Usimwonee haya muuzaji, mwulize ni ya lini. Ya njano huiva upesi kuliko mengi, kwa hiyo anayepikia mkaa ayafikirie hayo kwanza. Ukifika nyumbani yachambue, utoe mawe na yaliyobunguliwa, uyaoshe, uyaloweke jioni kwa maji mengi, mara tatu ya kimo chake, maana yatavimba. Asubuhi yamwage maji hayo. Ndani yake imeyeyuka sehemu ya zile sukari ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzimeng'enya, na ambazo bakteria wa utumbo wakizipata hutengeneza gesi. Anayesema maharage yanamjaza tumbo, mara nyingi analetewa maharage ambayo hayakulowekwa, au amekaa muda mrefu bila kuyala kisha akala sahani nzima siku moja. Aanze na upawa mmoja, azoee.

Maharage, hasa mekundu, yakiwa mabichi au nusu mabichi yana protini ya jamii ya lektini inayoleta kutapika na kuharisha. Kuchemka kwelikweli huiharibu: maji yatokote kwa dakika kumi kwa uchache, na nusu saa ni salama zaidi. Moto mdogo usiofikisha maji kutokota hauiharibu, na waweza hata kuizidisha. Kwa hiyo mwenye lile jiko la umeme la kupika taratibu usiku kucha ayatokose kwanza kwenye sufuria ya kawaida, ndipo ayahamishe. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu majiko hayo yameingia majumbani, na maelekezo yake hayakuandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria maharage ya kilo.

Magadi je? Najua bibi zetu waliyatia, na kweli yanalainisha. Lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, yanaongeza sodiamu ambayo mwenye presha anaikimbia, na yakizidi kidogo tu mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni. Ukiloweka vizuri huyahitaji. Nyanya, ndimu na ukwaju nazo zisubiri mpaka maharage yamelainika kabisa, kwani uchachu unaligandamiza ganda lisiive. Chumvi kidogo haina neno.

Najua pia kilio cha mkaa. Sufuria ya maharage ndiyo inayokula mkaa kuliko kitu chochote jikoni, na wengi wameyaacha kwa sababu hiyo tu. Sufuria ya presha, ya jikoni au ya umeme, huyaivisha maharage yaliyolowekwa chini ya saa moja. Tanzania ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwa ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati hiyo. Kwangu mimi, kipimo cha mkakati huo ni kama mama wa nyumba ya chumba na sebule ataweza kupika maharage jioni ya siku ya kazi. Wakati tukisubiri, pika kilo nzima siku moja. Yakipoa, yagawe na maji yake kwenye vibakuli vya mlo mmoja mmoja, uyagandishe. Ukirudi kazini umechoka, nusu ya kazi imeshaisha, kilichobaki ni kuunga.

Na hapo kwenye kuunga ndipo watu wanapokimbia. Kwa nusu kilo ya maharage, kata vitunguu viwili vikubwa vyembamba. Weka mafuta vijiko vitatu vya chakula, moto wa wastani, na chumvi kidogo ili vitunguu vitoe maji yake. Usiondoke. Kwanza vitalegea, kisha vitakuwa vyeupe kama vioo, na wengi hapo ndipo wanapotupia nyanya. Ngoja. Baada ya dakika kumi au kumi na tano vitakuwa na rangi ya dhahabu nzito pembeni, na harufu itageuka kutoka ukali kwenda utamu. Rangi hiyo ndiyo inayozaa ule uzito wa ladha ambao watu huufuata kwenye nyama ya kukaanga. Sasa tia kitunguu swaumu na tangawizi vilivyotwangwa, ukoroge nusu dakika, kwa kuwa swaumu ikiungua inakuwa chungu. Tia kijiko kidogo cha bizari nyembamba iliyosagwa na nusu yake ya manjano, na viungo hivi viguse mafuta kabla ya maji, maana harufu yake inayeyuka kwenye mafuta. Kisha nyanya tatu au nne zilizoiva sana. Zipike hadi zipondeke na mafuta yajitenge pembeni. Sikiliza: mwanzo sufuria inachemka kwa sauti ya maji, baadaye sauti inakauka, inakaanga. Ukiisikia sauti hiyo ya pili, mimina maharage na maji yake, ponda machache kwa mwiko ubavuni mwa sufuria ili mchuzi ushikane, acha moto mdogo dakika kumi na tano. Ukiepua, kamulia ndimu na utie majani ya giligilani. Ndimu hii watu wanaidharau. Onja kabla na baada, kisha utajua kwa nini maharage yako yalikuwa yamelala.

Mwaka mzima unaweza kupika kwa njia hii moja. Dengu, choroko, kunde, njegere kavu, njugu mawe: kitunguu cha dhahabu, viungo kwenye mafuta, nyanya mpaka zikauke, uchachu mwishoni. Choroko na dengu za kupasuliwa hazihitaji hata kulowekwa usiku, kwa hiyo ndizo mboga za siku ambayo hukupanga kitu. Familia za Kihindi za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala zimekula hivi vizazi na vizazi, nyingi bila nyama kabisa, na anayetaka kuona dengu inavyoheshimiwa aombe akaribishwe kwao. Wao huongeza hatua moja nzuri: mboga ikishaiva, wanachemsha mafuta kijiko kimoja pembeni, wanatupia bizari nzima na pilipili kavu zirukeruke, kisha wanazimimina juu ya bakuli mezani.

Pwani, mbaazi zilishapewa heshima yake siku nyingi. Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, mbaazi za nazi na mahamri ni kifungua kinywa ambacho hakuna anayekiombea radhi, na mgeni akikipata anajihesabu amekirimiwa. Nilifunzwa kuzipika na bibi mmoja wa Chumbageni, Tanga, aliyekuwa akiziuza barazani alfajiri. Alikaa juu ya mbuzi yake, kibao kimelainika kwa kukaliwa, akakuna nazi huku anaongea bila kuitazama, na nazi iliyokunwa ikaanguka kwenye sinia nyeupe, nyembamba, bila kipande cha kifuu. Akaikamua mara ya kwanza kwa maji ya vuguvugu kidogo sana, akapata tui la kasimile, akaliweka kando na kulifunika. Akaikamua mara ya pili na ya tatu kwa maji mengi, akapata tui jepesi. Hilo jepesi ndilo lililopikia mbaazi zilizokwisha kulainika, pamoja na kitunguu kibichi, manjano kidogo, chumvi, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa.

"Bibi, lile zito hulitii?"

"Bado, mjukuu wangu. Ukilitia sasa litakatika. La kasimile ni la mwisho, na likishaingia usiuache mkono."

Alipolitia alikuwa akichota kwa upawa na kurudisha, akichota na kurudisha, hadi mchuzi ulipoanza tu kupumua katikati, akaepua. Sababu ya kazi ile ni hii: tui likipigwa na moto mkali protini zake huganda na mafuta hujitenga, ukabaki na mchuzi wa punje na mafuta yanayoelea. Anayetumia tui la kopo naye afuate utaratibu huohuo. Atenge robo ya kopo kwa ajili ya mwisho, iliyobaki aizimue kwa maji.

Lakini nazi ina mafuta mengi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha lehemu kwenye damu. Siiogopi nazi, nimekulia nayo. Ninachoshauri ni mpangilio: siku za kawaida pikia tui jepesi, la kasimile liache kwa Ijumaa, Jumapili na wageni. Siku nyingine tumia karanga. Zikaange kavu, zimenye, zitwange ziwe laini, uzizimue kwa maji ya vuguvugu kwenye kikombe kabla ya kuzitia kwenye mboga ili zisifanye madonge. Mchicha wa karanga, majani ya maboga kwa karanga, ndizi za kupika kwa karanga kama wanavyofanya Uganda: hizo ni mboga ambazo sahani inarudi imefutwa.

Karanga zina sharti lake. Tupa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, na ukikutana na iliyo chungu mdomoni iteme. Ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo kukaanga wala kuchemsha hakuiondoi, na ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Ikiingia kwa wingi inaua haraka. Mwaka 2004 nchini Kenya mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 wengine wakafa Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mahindi na karanga nunua vikavu, viweke pakavu, na ule unga wa bei ya kutupa unaonukia vumbi la ghala usiuchukue hata kwa ajili ya kuku.

Majani ya mboga yanataka kinyume cha maharage: maji mengi kabla, moto mfupi baadaye. Osha mchicha ukiwa mzima kwenye beseni, uunyanyue na kuacha mchanga chini, urudie hadi maji yatulie safi, ndipo ukate. Ukikata kwanza, vitamini C na foleti vinaondoka na maji ya kuoshea, na ukichemsha na kumwaga umemwaga vilivyobaki. Sufuria pana, kitunguu kilichokwisha kulainika, moto mkali, dakika tatu hadi tano, mfuniko wazi ili rangi ibaki. Matembele, figiri na sukuma wiki ni hivyohivyo, sukuma wiki ikihitaji dakika chache zaidi. Mnavu na mgagani vina uchungu wake; wenyeji wengi huupoza kwa maziwa, na anayeepuka maziwa atumie karanga au tui, vinafanya kazi hiyo vizuri. Bamia ukitaka zisiteleze sana, zikaange kwanza zikiwa kavu kabisa kabla ya kutia nyanya. Ukitaka ziteleze, basi fuata njia ya Dodoma, pika mlenda, na ule na ugali wa uwele. Kwangu mimi ugali huo na mlenda vimeoana kuliko vitu viwili vyovyote vya meza yetu.

Kisamvu kiko peke yake. Majani ya muhogo yana kemikali zinazotoa sianidi, na ndiyo maana wazee hawakuwahi kuyapika kama mchicha. Yatwangwe kwelikweli kwenye kinu, kwa kuwa kutwanga ndiko kunakofungua njia ya sumu kutoka, kisha yachemshwe muda mrefu bila kufunika ili ipae na mvuke. Baada ya hapo tui, karanga, kitunguu, na kwa anayependa, kunde zilizoiva. Mboga hii imetembea sana: Bukavu na Goma wanaiita sombe na huipika kwa mawese, Kigali ni isombe, Wangazija wana mataba yao. Walioko ughaibuni huipata ikiwa imetwangwa na kugandishwa kwenye maduka ya Kiafrika, nao wasidhani kwamba kutwangwa kumemaliza kazi, waichemshe vilevile.

Hapa niseme kidogo kuhusu damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na upungufu wa damu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani yapo, ila mwili huyachukua kwa shida kuliko ya nyama, na tunaweza kuusaidia au kuuzuia. Vitamini C inausaidia: ndimu uliyokamulia mwishoni, nyanya mbichi ya kachumbari, embe au pera baada ya chakula. Chai na kahawa zinauzuia. Ile desturi yetu ya kuteremshia ugali kwa kikombe cha chai ya rangi inapoteza chuma kilekile ulichokilipia sokoni. Isogeze chai saa moja au mbili mbele, hasa kwa msichana na mjamzito. Mwenye upungufu wa damu uliothibitishwa asitegemee mboga pekee, atumie na dawa aliyopewa kliniki.

Ukiwa sokoni, tafuta pia viazi lishe, vile vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kazi ya kuvieneza Afrika ilitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na mmoja wa waliotunukiwa ni Robert Mwanga wa Uganda. Hata vikiliwa vikavu vinafaa, lakini mwili unahitaji mafuta kidogo ili uichukue rangi hiyo, kwa hiyo viazi lishe kwa tui jepesi, kama futari ya Ramadhani, vina faida kuliko vya kuchemsha vitupu.

Kuna udanganyifu ambao lazima niutaje. Chipsi hazina nyama. Mandazi hayana nyama, soda haina, na ugali mweupe wa sembe uliojaa sahani na kijiko cha mboga pembeni nao hauna. Mtu anaweza kuacha nyama akala hivyo mwaka mzima, uzito na sukari vikapanda. Geuza sahani: majani na mboga nyingine zichukue nusu, jamii ya kunde robo, ugali au wali robo. Ugali wenyewe uwe wa dona au mtama mara kwa mara, maana kwenye kukoboa ndipo nyuzinyuzi na vitamini nyingi za nafaka zinapobaki mashineni. Makande, kwa wanaoyajua, yanafanya kazi hii kwa chungu kimoja. Protini ya mahindi imepungukiwa kitu ambacho maharage yanacho, na ya maharage imepungukiwa kitu ambacho mahindi yanacho. Chumvi yote ya siku, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, isizidi gramu 5, yaani kijiko kidogo kimoja. Vile viungo vya paketi na vya mchemraba vimejaa chumvi. Ukikaanga kitunguu nilivyoeleza hutavikumbuka.

Na kwa yule anayeacha kabisa, yaani nyama, samaki, maziwa na mayai kwa pamoja: vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa namna ya kutegemewa. Utasikia watu wakisema mwani unatosha, uyoga unatosha. Usijaribu mwili wako kwa maneno hayo. Upungufu wake huja polepole, hata baada ya miaka, na huharibu damu na mishipa ya fahamu. Ganzi ya miguu inaweza isirudi nyuma ikichelewa. Tumia vidonge au vyakula vilivyoongezewa, na kama kuna mtoto mdogo, mjamzito au anayenyonyesha, zungumza na afisa lishe au daktari kabla ya kubadili mlo wake.

Sasa mgeni wetu yuko njiani. Siku hiyo sahau kutafuta kitu cha kukaa mahali pa nyama. Fikiria meza nzima, iwe na kitu laini, kitu cha kutafunika, kitu kichachu, kitu kinachowasha. Wali wa nazi. Maharage ya kuunga au mbaazi. Mchicha wa karanga. Bilinganya iliyochomwa kwenye mkaa hadi ganda likawa jeusi, ukaibandua, ukaiponda na kitunguu swaumu, ndimu na nyanya mbichi; moshi ule huwaridhisha wapenda nyama kuliko maelezo yoyote. Kachumbari ambayo kitunguu chake kimefikichwa kwa chumvi na kusuuzwa ili kisichome pua, na ndani yake umekatia embe bichi jembamba. Achari, pilipili ya kusaga. Na mwisho tunda lililoiva, limekatwa, limepoa. Usitangaze kwamba leo hakuna nyama. Ukitangaza, mgeni ataanza kuitafuta.

Nyumbani nako usihubiri. Kuna baba aliyezoea, kuna shemeji anayecheka, kuna babu ambaye kwake chakula bila kitoweo cha mnyama si chakula. Mheshimu. Anza na siku mbili za wiki, pika vizuri kupita kiasi siku hizo, na kama babu anataka samaki wake, mkaangie kipande pembeni. Watoto wape kazi: kuchambua, kumenya karanga, kufikicha kachumbari. Mtoto aliyemenya karanga kwa mkono wake huwa anataka kuonja kilichotoka.

Mwisho ni kiporo, kwa kuwa sufuria ya mgeni siku zote hubaki. Maharage ya jana yana ladha kuliko ya leo, viungo vimeingia hadi ndani. Lakini chakula cha nazi kwenye joto la pwani kinachacha usiku mmoja, na wali uliolala juu ya meza unaweza kuwa na bakteria ambao kupasha moto hakuondoi sumu waliyokwisha kuitoa. Vitu hivi viingie kwenye friji mara vikipoa, vikiwa kwenye vyombo vipana visivyo na kina, na viliwe ndani ya siku mbili tatu. Usiye na friji, wali pika wa kumalizika. Maharage yaunge bila nazi, na utakayobakiza yatenge yangali yanatokota, uyafunike, uyatokose tena kabla ya kulala na tena asubuhi mapema, uyamalize asubuhi hiyohiyo. Tui ukamue la kutosha sahani za saa hiyo tu, na ulitie kwenye zile utakazopakua.